Watoto wawili kwenye baiskeli moja, Kange hadi Chumbageni: nianze na nini?

MamaWawili

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya watu wanaojua baiskeli za kubebea watoto, si za mizigo peke yake.

Niko Tanga, naishi upande wa Kange, shule iko Chumbageni. Kwa njia ninayopita ni kama kilomita 6 kwenda. Wa kwanza ana miaka 5, kilo 18. Mdogo ana miaka miwili na nusu, kilo 12, chekechea yake iko jirani na shule ya kaka yake. Mimi kilo 68. Njia karibu yote ni lami na tambarare, isipokuwa kama mita 400 za mchanga kutoka nyumbani mpaka barabarani.

Nina njia tatu ninazozifikiria. Kwanza, nyumbani kuna Phoenix ya inchi 28, breki za fimbo, bado nzima. Fundi wa kuchomelea anasema ataikata nyuma airefushe ili keria ichukue watoto wawili. Pili, kwenye maduka ya mtumba kuna zile za Japani wanazotumia akina mama, magurudumu ya inchi 20, siti ya mtoto mbele na nyuma. Moja ina mota ya umeme ila haina betri, muuzaji anasema "betri yoyote inakaa". Tatu, guta dogo la magurudumu matatu lenye boksi.

Ipi inanifaa? Na mota naihitaji kweli? Naomba vipimo, maana fundi nitakayempa kazi nataka nimwelekeze mwenyewe.

FundiGololi

Dada pole na majukumu. Kabla hujachagua baiskeli, tuanze na miguu ya watoto, kwa sababu hilo utalikuta kwenye baiskeli yoyote utakayonunua. Jeraha linalojirudia sana kwa mtoto wa kwenye keria ni mguu kuingia kwenye spoki za nyuma. Mtoto amekaa, miguu inaning'inia, anasinzia au anageuka kuangalia kitu, kisigino kinaingia ndani. Gurudumu linauvuta mguu mbele mpaka unabanwa kati ya spoki na lile bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye siti. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa, gurudumu la inchi 28 linazunguka karibu mara mbili kila sekunde. Hakuna mtoto anayewahi kuutoa.

Kwa hiyo kinga ya spoki ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya siti. Chukua plaiwudi ya milimita 4, au plastiki ya dumu la lita 20. Dumu moja halitoshi: ubavu mmoja wa dumu ni mdogo, utahitaji vipande viwili kila upande, vipandane sentimita 5 na vifungwe kwa nati ndogo na washa pana. Kinga ianzie kwenye bomba la fremu, iende nyuma sentimita 50, na kwa kimo itoke usawa wa ekseli mpaka ifike kwenye madigadi. Acha nafasi ya milimita 15 kati ya kinga na spoki, la sivyo baiskeli ikilala kidogo kwenye kona utasikia inakwaruza, na kinga ikishikwa na spoki inaweza kuvutwa ndani. Ifunge kwenye miguu ya keria na kwenye madigadi, siyo kwenye madigadi peke yake, kwa kuwa bati lake linatikisika. Kingo zote zivalishe kipande cha tyubu kuukuu kilichopasuliwa katikati, zisimkate mtoto. Wavu wa kuku usitumie, tundu zake zinapitisha vidole. Kipimo changu ni hiki: tundu lolote linalopitisha kidole gumba cha mtoto ni kubwa mno.

Kisha sehemu ya kukanyagia. Mkalishe mtoto kwenye kiti, pima kutoka nyuma ya goti mpaka chini ya kisigino akiwa na viatu. Hicho ndicho kimo kutoka kwenye siti hadi kwenye kikanyagio. Mtoto wa miaka 5 mara nyingi anaangukia kati ya sentimita 26 na 30, lakini mpime wa kwako. Kikanyagio kiwe na ukuta upande wa ndani na mkanda juu ya mguu. Mtoto asiye na pa kukanyagia anatafuta mwenyewe, na anachokipata ni ekseli.

Sasa Phoenix. Usimruhusu mtu aikate. Mabomba ya fremu ile yameingizwa kwenye maungio na kuunganishwa kwa shaba, hayakuchomelewa. Moto wa kuchomelea ukikaribia ungio, shaba inalegea ndani na kwa nje huoni kitu. Halafu bomba lenyewe ni jembamba, na pembeni ya ulipochomelea ndipo litakapopasuka baada ya miezi, siku ukiwa na watoto. Ukiisukuma ekseli nyuma sentimita 38, mnyororo nao unataka pini 60 za ziada, kwa hiyo unaunganisha minyororo miwili, na fimbo za breki ya nyuma hazifiki tena. Utakuwa umetengeneza baiskeli ndefu isiyo na breki ya nyuma.

Hata breki zenyewe. Uzito wenu pamoja na baiskeli na mabegi utakuwa kama kilo 132. Breki za fimbo kwenye rimu ya chuma iliyopakwa kromu zikilowa zinashika kidogo sana. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, breki dhaifu ya namna hiyo inakusimamisha baada ya mita 8 hivi. Breki inayoshika vizuri, mita 3 na kitu. Tofauti hiyo ni urefu wa Noah nzima.

Kwa kifupi naunga mkono ya Japani, isiyo na mota au yenye mota iliyokufa, kwa sharti uikague. Wenzangu wa mtumba watakueleza zaidi.

PakaraWaBandarini

Naungana na Fundi. Niongeze yanayohusu zile za Japani tu.

Baiskeli hizi zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo unayoitaka. Mwaka 2009 Japani ilirekebisha kanuni zake ili mtu mzima aruhusiwe kubeba watoto wawili walio chini ya miaka 6, mradi baiskeli iwe imefikia viwango vilivyowekwa. Ndiyo maana fremu zake ni nene, magurudumu mafupi ili uzito ushuke chini, na stendi ni ya miguu miwili mipana. Nyingine ukishusha stendi usukani unakaza wenyewe, usigeuke ghafla mtoto akiwa mbele. Jaribu hapo dukani: shusha stendi, sukuma usukani. Kama kuna swichi ya kukaza na haifanyi kazi, si kasoro ya kukuzuia kununua, lakini ujue.

Cha kuangalia kwanza ni keria. Keria za Japani zina mhuri au kibandiko cha uzito: 18, 25 au 27. Hizo ni kilo. Siti ya mtoto yenyewe ina kilo 4 hadi 5. Mtoto wako ana 18, jumla 23, na anakua. Kwa hiyo keria ya 18 iache kabisa, ya 25 itakufaa muda mfupi, tafuta 27. Siku hizi kuna baiskeli za kawaida za mjini zenye keria ya 18 ambazo wauzaji wanazifungia siti ya mtoto iliyotoka kwenye baiskeli nyingine. Inapendeza machoni, lakini keria inachoka pale bolti inapoingia.

Siti ya mbele, ile iliyokaa katikati ya usukani, ni ya mtoto wa mwaka 1 hadi kabla hajafika 4, mwisho kilo 15. Mdogo wako anafaa. Mkubwa nyuma. Usiwabadilishe eti mkubwa anataka kuona mbele: kilo 18 juu ya usukani zinaufanya uanguke upande kila unaposimama.

Kagua mikanda ya siti. Plastiki ya siti iliyokaa juani miaka mingi inakuwa na weupe kama unga. Ibonyeze kwa kucha pale mkanda unapopita. Ikitoa mlio mkavu au ikaonyesha mstari mwembamba, siti hiyo imekwisha, hata ioshwe vipi. Baiskeli inunue, siti tafuta nyingine.

Breki ya nyuma kwenye nyingi ni ya mkanda, iko ndani ya kile kidude cha duara upande wa kushoto wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikilia kama mbuzi, vijana wanaitia oili. Ikishaingia oili, mkanda unanywa na breki imekufa, hata ukipangusa. Badilisha kidude kizima, kinafunguka kwa nati moja kubwa. Kuna aina nyingine ya breki inayofanana nayo kwa nje, inayotumia vigololi virefu ndani, na hiyo inatakiwa grisi yake maalumu ya joto. Kama hujui ni ipi, usiweke chochote.

Habari njema: valvu zake ni zilezile za Phoenix, zenye kijimpira chembamba ndani. Pampu ya mtaani inaingia. Tatizo lake ni kile kijimpira. Joto la pwani linakila, na tairi inashuka taratibu kila siku ukidhani ni pancha. Kitoe, ukikiona kimepasuka kwenye ncha au kinanata, weka kipya. Valvu hiyo pia haipimiki upepo kwa geji. Kwa uzito wa watoto ni bora ununue tyubu yenye valvu ya pikipiki, tundu la rimu ni lilelile, uweze kupima. Kwa tairi ya 20 kwa 2.125, soma namba iliyoandikwa ubavuni. Gurudumu la nyuma jaza karibu na kiwango cha juu, la mbele punguza kidogo.

Na huyo muuzaji wa "betri yoyote inakaa" usimsikilize. Nawaachia wa umeme.

Volti36

Asante Pakara kwa kuniachia. Mama Wawili, nieleze kwa nini betri yoyote haikai.

Mota nyingi za baiskeli za Japani zinaendeshwa na betri ya seli 7 kwa mfululizo, volti 25 na ushee, ikijaa inafika 29.4. Betri zinazopatikana kwetu madukani ni za volti 36, zikijaa ni 42, au za 48, zikijaa ni 54.6. Ukiiunganisha, kontrola, kile kidude kinachoongoza mota, inaungua dakika hiyohiyo. Hata ukitengenezewa betri ya seli 7, ile ya asili ina pini za ziada zinazozungumza na mota. Bila mazungumzo hayo mota haiwaki. Na ukibahatika kuipata betri yenyewe pamoja na chaja, chaja za Japani ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 bila kibadilisha umeme, unasikia mlio mmoja na harufu.

Kwa hiyo baiskeli yenye mota bila betri, ihesabu kama baiskeli isiyo na mota, yenye kilo chache za ziada. Inakanyagika, na mara nyingi ina gia 3 ndani ya habu ya nyuma. Bei ikatwe kwa msingi huo.

Je, unahitaji mota? Tuhesabu. Kilo 132, lami tambarare, kilomita 15 kwa saa, hakuna upepo: unahitaji wati 85 hivi. Mtu mzima mwenye afya anazitoa bila kuhema, akiwa bado anaongea na watoto. Upepo wa kusi ukikupiga usoni kwa mita 4 kwa sekunde, hesabu inaruka hadi wati 170. Hapo utatoka jasho, lakini unashusha gia unakwenda 11 au 12. Mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10, ni kama wati 190. Tanga mlima wa namna hiyo hauna mwingi.

Ushauri wangu: endesha mwezi mmoja bila mota. Ukiona kinachokuchosha ni upepo wa kurudi mchana, ndipo ufikirie. Ukiweka, nenda hivi.

Mota ya habu ya wati 250, volti 36, iliyofumwa kwenye rimu ya inchi 20. Gurudumu dogo ni faida, maana mota ileile inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa kwenye inchi 28. Iwekwe mbele, kwa sababu nyuma kuna habu ya gia na breki yake. Pima kwanza uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ndani kwa ndani: mota inataka milimita 100, na baiskeli nyingi za Japani ni nyembamba kidogo. Uma wa chuma unaweza kufunguliwa milimita chache. Uma wa alumini usiuguse. Ekseli ya mota ina bapa mbili, na nguvu yote ya mota inaishia kwenye bapa hizo. Ukitegemea nati peke yake, siku moja ekseli itazunguka ndani ya uma, ikate waya zake na gurudumu lichomoke. Weka kile kichuma cha kuzuia ekseli isizunguke, kimoja kila upande, kifungwe kwenye uma kwa klampu mbili za chuma, si kwa mikanda ya plastiki.

Betri ya volti 36, saa-ampea 13, ni kama wati-saa 470. Safari zako nne kwa siku ni kilomita 24. Kwa baiskeli ya mzigo tambarare, hesabu wati-saa 10 kwa kilomita, 15 siku za upepo. Unatumia 240 hadi 360. Inabaki akiba ya kutosha, na betri ikizeeka bado inakufikisha. Ile ya saa-ampea 10 inatosha ikiwa mpya, mwaka wa tatu itaanza kukulaza njiani.

Betri ikae chini, kwenye bomba la kati au nyuma ya bomba la siti. Siyo juu ya keria, siyo chini ya siti ya mtoto. Fyuzi ya ampea 30 iwe ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri. Swichi za kukata mota kwenye mikono yote miwili ya breki ni lazima, kwa sababu mota inaendelea kusukuma sehemu ya sekunde baada ya wewe kuacha kukanyaga, na sehemu hiyo ndiyo inayokupeleka mbele ya daladala. Usiweke ile ya kusokota kama pikipiki. Mtoto wa mbele mikono yake iko palepale.

Kuchaji: sehemu ngumu, sakafu ya saruji, watu wakiwa macho. Si chumbani usiku. Betri iliyotoka juani iache ipoe saa moja kabla ya kuichomeka. Iliyovimba au iliyoanguka usiichaji tena.

MamaWawili

Shikamooni wote, na asanteni. Nimekwenda dukani na tepu. Ile ya mota: keria ina mhuri 27. Uma wa mbele ndani kwa ndani ni milimita 96, sumaku inanasa, kwa hiyo ni wa chuma. Breki ya nyuma inalia sana. Siti ya nyuma mkanda mmoja una ufa. Spoki za nyuma 36, mbili zimelegea, nikizishika kwa vidole zinacheza. Muuzaji amekubali kutoa bei ya isiyo na mota.

Maswali mawili. Hizo spoki ni tatizo? Na mchanga wa mita 400?

FundiGololi

Marahaba, na umekagua vizuri kuliko mafundi wengine.

Spoki zilizolegea ni tatizo ukiziacha. Spoki haibebi mzigo ikiwa imelegea, kwa hiyo jirani zake zinabeba wao na wa mwenzao. Zinakatika pale zinapopinda kuingia kwenye habu, mara nyingi upande wa mnyororo. Ikikatika moja, zinazofuata zinakuja kwa haraka. Hizo mbili zikaze robo mzunguko kwa wakati, kisha zungusha gurudumu, weka ukucha wako kwenye raba ya breki au bomba la fremu na utazame kama rimu inakwenda pembeni. Ukimaliza, zishike mbilimbili ukizibana kwa kiganja kuzunguka gurudumu lote. Zote za upande mmoja ziwe na ugumu unaolingana. Ukizigonga kwa spana ndogo zitoe sauti inayokaribiana. Baada ya wiki ya kwanza na watoto rudia, zitakuwa zimekaa. Kama nati ya spoki imekwama kwa kutu ya chumvi, tone la oili kwenye uzi, subiri mpaka kesho. Ukilazimisha unaing'oa kichwa. Spoki ya kubadilisha iwe namba 13, nene kuliko 14, lakini kwanza hakikisha tundu la habu linaipitisha bila kusukumwa.

Na kwa kuwa uko pwani, futa spoki na mnyororo kwa kitambaa chenye oili kila wiki mbili.

Mchanga: shuka usukume. Tairi ndogo za inchi 20 zinazama, na mtoto wa kwenye usukani anaufanya ugeuke ghafla gurudumu likizama. Mita 400 ni dakika 6. Ukiweka mota mbele ndiyo kabisa, gurudumu litazunguka palepale bila kushika.

NjiaYaMaji_Utrecht

Habari kutoka Uholanzi. Dada aliuliza guta lenye boksi na hajajibiwa.

Baiskeli za boksi huku ziko za aina mbili. Ya magurudumu mawili, boksi liko chini kabisa mbele ya mwendeshaji, gurudumu dogo mbele yake. Ya magurudumu matatu, boksi limekaa kati ya mawili ya mbele, kama zile za Christiania za Copenhagen zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ya matatu inatuliza mtu akisimama, haihitaji stendi wala kusawazisha. Lakini kwenye kona hailali. Chukua yenye upana wa sentimita 80 kati ya magurudumu mawili, na uzito wote ukiwa wastani wa sentimita 80 kutoka chini. Kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 5, gurudumu la ndani linaanza kunyanyuka ukiwa na kilomita 14 tu kwa saa. Watoto wakiegemea upande wa nje, kabla ya hapo. Na barabara ikiinama kuelekea mtaroni, chini zaidi. Kwa guta lililotengenezwa kubeba saruji, watoto wakikaa juu ya boksi badala ya ndani yake, mambo yanakuwa mabaya haraka. Sikushauri.

Ukija kukuta ya boksi kwenye kontena la mtumba kutoka huku, kagua fremu kabla ya kitu kingine. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi, NVWA, ilizuia kampuni ya Babboe kuendelea kuuza baiskeli zake za boksi kwa sababu ya fremu kuvunjika, na aina kadhaa zilizokwisha kuuzwa zikarudishwa. Baiskeli ya namna hiyo isiishie kwa mama mwingine. Osha fremu kwa maji na sabuni, ikauke, kisha pitisha tochi pembeni ya kila alipochomelea mtu, hasa pale bomba la chini la mbele linapoungana na la usukani. Mstari mwembamba kwenye rangi, wenye kutu ya kahawia inayotoka ndani, ni ufa. Usiuchomelee juu.

BibiSukari

Sijaona mtu amezungumzia kupakia na kushusha, na hapo ndipo baiskeli nyingi zinapolala na watoto wakiwa ndani, haijasogea hata hatua.

Stendi chini, mahali pa bapa. Chukua pete ya tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, uivushe juu ya mkono wa breki na mshikio wa usukani mpaka breki ikae imebanwa. Hiyo ndiyo breki ya kuegesha. Ibaki imening'inia kwenye mshikio siku zote. Mkubwa apande kwanza, nyuma, afungwe. Mdogo mwisho, mbele. Ukishamweka wa mbele mkono wako mmoja usiuondoe kwenye usukani, hata kama simu inaita. Kushusha ni kinyume: wa mbele kwanza. Ukimshusha wa nyuma kwanza, uzito wote unahamia mbele, stendi inanyanyuka.

Usiende kumfungulia mlango mtu, usifuate begi lililosahaulika. Begi zipakie kabla ya watoto.

Kofia ngumu: pima kichwa kwa tepu juu ya nyusi. Ikikaa, kati ya nyusi na ukingo wake vipite vidole viwili, na mkanda wa kidevuni upitishe kidole kimoja. Angalia mtoto akiwa ameketi kwenye siti. Kofia zenye kisogo kilichochongoka zinagonga mgongo wa siti na kumwinamisha kichwa mbele, hasa akisinzia.

Na mama, kuna siku mtamzaa wa tatu. Mtoto mchanga mgongoni kwa kanga ukiwa unaendesha, hapana. Kanga inamshika vizuri mtu akitembea kwa miguu. Kwenye baiskeli ukianguka, anaanguka na uzito wako, na kichwa chake hakina kinga. Mtoto asubiri mpaka akae mwenyewe bila kuegemezwa na shingo iwe imara, ndipo aingie kwenye siti.

MamaWawili

Asante sana Bibi, hilo la kushusha wa mbele kwanza nisingelijua. Nimelipia baiskeli. Fundi, swali la mwisho: nikiwa nimefunga kinga yote, mguu ukiingia kwenye spoki hata hivyo, nifanye nini pale barabarani?

FundiGololi

Simama papo hapo, breki ya mbele na ya nyuma, usishuke kwa kuinamisha baiskeli. Usirudishe gurudumu nyuma, wala usivute mguu. Mwombe mtu aishike baiskeli iwe wima na mwingine amshike mtoto kiunoni asitapetape. Kata spoki mbili au tatu zinazoubana. Kwa hiyo kwenye mfuko wa zana kuwe na koleo linalokata, si la kushikia tu. Lijaribu leo kwenye spoki kuukuu uone kama linakata.

Mguu ukitoka, mwagia maji safi, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda hata ukiona ni mkwaruzo mdogo wa kisigino na mtoto anatembea. Nyama ya pale imekandamizwa, ngozi inaweza kuonekana nzima leo na kuwa nyeusi baada ya siku tatu. Mwambie daktari kwa maneno hayo: mguu uliingia kwenye spoki. Wasidhani ni mchubuko wa kuanguka.